Mfalme Mlangoni pa Papa

Mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika Ulaya ya miaka mia tisa na zaidi iliyopita, mafahali hao walikuwa Papa wa Roma na Mfalme wa Wajerumani, na zizi lao lilikuwa nchi za Wakristo wa magharibi. Papa alikuwa mkuu wa mambo ya dini. Mfalme alikuwa mkuu wa mambo ya dunia. Maneno hayo ni mepesi kuyatamka, lakini mpaka kati ya mambo hayo mawili haukuwa umewekewa mawe, na kwa ajili ya mpaka huo watu wengi walipoteza mali, vyeo na maisha yao.

Ili kuufahamu ugomvi huo, yafaa msomaji ajue kwanza askofu wa siku zile alikuwa mtu wa namna gani. Kazi yake haikuwa kufundisha dini tu. Alikuwa na mashamba makubwa na vijiji, alipokea kodi, alikata mashauri ya watu, na vita vilipotokea alimpelekea Mfalme askari. Tena askofu hakuacha mtoto wa kurithi cheo chake. Basi kila alipokufa mmoja, Mfalme alipata nafasi ya kumweka mtu amwaminiye. Mfalme mwenyewe ndiye aliyempa askofu mpya pete na fimbo ya uchungaji, na wako waliovipata vitu hivyo kwa kutoa fedha.

Mwaka wa 1073 mtawa mmoja aitwaye Hildebrand alichaguliwa kuwa Papa, akatwaa jina la Gregory wa Saba. Alikusudia kulitakasa Kanisa, naye aliona kwamba haliwezi kutakaswa maadamu wachungaji wake huwekwa na wafalme. Katika daftari la barua zake, mwaka wa 1075, iliandikwa orodha ya maneno 27 kuhusu uwezo wa Papa. Miongoni mwayo yalikuwamo haya: kwamba Papa hahukumiwi na mtu yeyote, kwamba aweza kumwondoa Kaisari katika enzi yake, na kwamba aweza kuwafungua raia katika kiapo cha utii walichomwapia mtawala mwovu.

Mfalme wa Wajerumani wakati huo alikuwa Henry wa Nne, kijana aliyezaliwa mwaka wa 1050 na kurithi ufalme mwaka wa 1056, kabla hajatimiza miaka sita. Baba yake, mwaka wa 1046, alikuwa amewaondoa watu watatu waliodai kiti cha Papa, akamweka Mjerumani mwenzake. Kwa hiyo Henry alilelewa akijua kwamba mfalme humweka Papa. Kusikia sasa kwamba Papa aweza kumwondoa mfalme kulikuwa kwake kama kuambiwa kwamba mto hupanda mlima.

Ugomvi ulilipuka kwa ajili ya uaskofu wa Milan, mji mkubwa wa Italia ya kaskazini, ambako Henry aliweka mtu wake bila kumjali Papa. Papa akamwonya. Mwezi wa Januari 1076 Henry akawakusanya maaskofu wake katika mji wa Worms, wakatangaza kwamba Gregory si Papa tena, naye Henry akampelekea barua ya kumwita mtawa wa uongo na kumwamuru ashuke kitini. Mwezi uliofuata, Gregory akajibu mbele ya mkutano wa maaskofu huko Roma: alimtenga Henry na Kanisa, akamkataza kutawala, na akawafungua watu wote katika kiapo walichomwapia.

Papa hakuwa na jeshi la kulipeleka Ujerumani. Lakini katika siku hizo ufalme wote ulisimama juu ya kiapo, kama nyumba isimamavyo juu ya nguzo. Mkuu wa jimbo alimtii Mfalme kwa sababu alikuwa amemwapia mbele ya Mungu. Kiapo kikiondolewa, haukubaki ila upanga, na wakuu wengi walikuwa na panga zao. Wasaxon walikuwa wamekwisha kumwasi Henry mwaka wa 1073, na majeraha yao yalikuwa bado mabichi. Wengine walimcha Mungu kwa kweli. Wengine walifurahi kupata sababu njema ya kufanya jambo walilolitamani tangu zamani. Mwezi wa Oktoba 1076 wakuu walikutana Tribur, wakakata shauri kwamba Henry asipofunguliwa kabla ya kutimia mwaka mmoja, hawatamkubali tena kuwa mfalme. Wakamwalika Papa aje Augsburg mwezi wa Februari 1077 kuliamua jambo hilo.

Henry akaona kwamba Papa akifika Augsburg, yeye atasimama mbele ya adui zake wote kama mshitakiwa. Akaazimu kumwahi njiani. Katikati ya baridi kali alivuka milima ya Alps pamoja na mkewe Bertha na mtoto wao mdogo. Mwandishi mmoja wa wakati ule asimulia kwamba wanawake walikalishwa juu ya ngozi za ng'ombe na kuteremshwa polepole katika barafu.

Gregory aliposikia kwamba Mfalme yumo Italia, alidhani amekuja kwa vita, akaingia katika ngome ya Canossa, mali ya Matilda wa Toscana, rafiki yake. Lakini Henry hakuja na vita. Tarehe 25 Januari 1077 alisimama mbele ya mlango wa ngome, ameyavua mavazi yake ya kifalme, amevaa nguo ya sufu, bila viatu. Siku tatu alirudi mlangoni hapo kuomba msamaha, na mlango haukufunguliwa. Ndani ya ngome Matilda, na Hugh mkuu wa watawa wa Cluny, aliyekuwa baba wa ubatizo wa Henry, walimsihi Papa amhurumie. Mwishowe Gregory akamfungulia, akamrudisha katika Kanisa.

Ni nani aliyeshinda? Kwa macho, Papa alishinda, kwani mfalme mkubwa kuliko wote wa Ulaya alisimama mlangoni pake kama mwombaji. Lakini Papa ni kasisi, na kasisi hawezi kumfukuza mtu anayetubu. Henry alilijua hilo, na kwa siku tatu za aibu aliununua ufalme wake. Wakuu waliomwasi wakajiona wameachwa; mwezi wa Machi wakamchagua mfalme mwingine, Rudolf wa Swabia, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaendelea hata Rudolf alipouawa mwaka wa 1080.

Mwaka huo huo Papa alimtenga Henry mara ya pili, lakini silaha iliyotumiwa mara mbili hupungua makali. Henry akamchagua Papa wake mwenyewe, na mwaka wa 1084 akaingia Roma, akavikwa taji la Kaisari. Wanormani waliokuja kumwokoa Gregory waliuteka mji na kuuteketeza vibaya, hata Warumi wakamchukia Papa wao. Akaondoka pamoja nao, akafa Salerno mwaka wa 1085, mbali na kiti chake. Henry naye hakustarehe: alinyang'anywa ufalme na mwanawe mwenyewe, akafa mwaka wa 1106 akiwa ametengwa na Kanisa, na maiti yake ilingoja miaka mitano kabla ya kupewa mazishi ya heshima huko Speyer.

Wote wawili walikuwa wamekwisha kufa mapatano yalipopatikana mjini Worms mwaka wa 1122. Kaisari aliacha kutoa pete na fimbo, alama za dini. Akabaki na haki ya kutoa fimbo ya enzi, alama ya mashamba na mamlaka ya dunia. Mpaka ukawekewa mawe, lakini haukukoma kugombewa. Mwaka wa 1213 Mfalme John wa Uingereza aliukabidhi ufalme wake kwa Papa Innocent wa Tatu, akaupokea tena kama mtumishi wake. Miaka 90 baadaye, mwaka wa 1303, Papa Boniface wa Nane alikamatwa katika mji wake wa Anagni na watu waliotumwa na Mfalme wa Ufaransa, wala raia wa Ufaransa hawakuinuka kumtetea. Mwaka wa 1870 majeshi ya Italia yaliutwaa mji wa Roma. Na mapatano ya mwaka wa 1929 yalimwachia Papa dola ya Vatikani, yenye hekta 44 tu.

Theluji ya Canossa yafundisha kwamba nguvu za Papa juu ya wafalme hazikukaa katika ngome wala katika askari, bali katika mioyo ya raia walioamini kwamba neno lake hufunga na kufungua. Imani hiyo ilipokuwapo, mfalme alivua viatu. Ilipotumiwa mno katika vita vya dunia, ilichakaa kama kamba ya kisima, na siku ilipohitajiwa zaidi, ikakatika.