Takwimu za tovuti na duka la mtandaoni la Kindu

Takwimu za tovuti ya duka huanza kujikusanya pale mgeni wa kwanza anapofungua ukurasa. Seva huandika kila faili lililoombwa, saa, aina ya simu na, mara nyingi, kiungo alichotokea mgeni. Programu kama Google Analytics, iliyoanza kutolewa bure mwaka 2005, au Matomo, inayoweza kuwekwa kwenye seva ya mwenye duka, hukusanya habari za aina hiyo na kuzipanga kwa majedwali. Namba kubwa ya juu, ile ya maombi ya faili, ndiyo inayofurahisha, na ndiyo isiyo na kazi. Ukurasa mmoja wenye picha 20 huomba faili zaidi ya 20, na sehemu ya maombi hutoka kwa roboti za injini za kutafutia. Cha kuhesabu ni ziara za watu, na kila ziara ilifika hatua gani.

Tuseme duka la vitenge mjini Kindu, mkoa wa Maniema nchini Kongo, limepata ziara 600 kwa wiki. Katika hizo, 240 zilifika kwenye ukurasa wa bidhaa, 60 zikaweka kitu kikapuni, 6 zikakamilisha agizo. Kulipia tangazo jipya hapo ni kutupa pesa, maana wanunuzi tisa kati ya kumi wanapotea wakiwa na kikapu mkononi. Mwenye duka aufungue ukurasa wa kulipia kwa simu ya bei ndogo na mega za kawaida, kama mteja wa Tunda, ndani ya Maniema. Huenda akakuta fomu inadai kadi ya benki kwa mtu anayelipa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, au gharama ya kusafirisha imefichwa hadi mwisho. Arekebishe jambo moja, kisha alinganishe wiki kadhaa. Akibadili matatu kwa mpigo, hatajua lipi lililosaidia. Na maagizo yakitoka 6 hadi 9 kwa wiki moja, huo bado si ushahidi: huenda shule zinafunguliwa au mishahara imetoka.

Ugumu mkubwa zaidi ni WhatsApp. Mteja huona kitenge kwenye tovuti, akabonyeza kitufe cha kuandika, biashara ikamalizikia kwenye mazungumzo, na programu ya takwimu ikamhesabu kama aliyeondoka mikono mitupu. Kwa hiyo kubonyeza kitufe hicho lazima kuhesabiwe kama hatua ya ununuzi. Tena, wageni wanaotoka kwenye kiungo cha WhatsApp mara nyingi huandikwa kuwa wamekuja moja kwa moja, bila chanzo. Dawa yake ni kuweka alama mwishoni mwa kiungo, kwa mfano ?utm_source=whatsapp&utm_campaign=tunda, na nyingine kwa ndugu walioko Kinshasa au Ubelgiji wanaowanunulia watu wa nyumbani. Kundi hili la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu anayelipa na anayepokea hawako mahali pamoja.

Ramani ya wageni nayo isiaminiwe kupita kiasi. Mitandao ya simu huweza kupitisha wateja wengi kwenye anwani chache za intaneti, hivyo aliyeko Tunda anaweza kuonekana yuko Kinshasa. Kufuta safari za kupeleka mizigo Maniema ya ndani kwa kufuata ramani hiyo ni kuwadhulumu wateja waliopo. Anwani ya kupelekea mzigo ni shahidi bora.

Hesabu ya mwisho ni maagizo yaliyolipwa na kupokelewa, maana agizo lililowekwa tu laweza kudanganya. Agosti 2019, miezi michache baada ya kuingia soko la hisa la New York, Jumia, kampuni ya biashara ya mtandaoni barani Afrika, ilieleza kwamba imegundua nchini Nigeria maagizo yaliyowekwa isivyo sahihi kisha yakafutwa, yakavimbisha hesabu zake. Duka dogo linaloandika kila wiki ziara, mibonyezo ya WhatsApp, malipo yaliyoingia na mizigo iliyopokelewa, kila chanzo na mstari wake, lina takwimu za kutosha kuamua pesa ya matangazo iende wapi.