Tumwangalie mgongoni kabla ya kumfuga



Watoto wetu wa kando ya Lualaba wanapenda kurudi nyumbani na vijisamaki ndani ya bidoni iliyokatwa, halafu wanaomba akwariamu ya kioo. Tusiwakatalie haraka. Kulisha kiumbe kila siku ni somo kubwa. Lakini samaki wa urefu wa kidole anaweza kuwa mtoto wa samaki mrefu kuliko meza ya sebuleni. Basi tumtambue kwanza.

Kambale wa kawaida ana ndevu nane na pezi moja refu mgongoni, linalofika karibu na mkia. Ndugu yake mkubwa naye ana ndevu nane, ila pezi lake la mgongoni ni fupi, na nyuma yake kuna pezi la pili, nene, la nyama. Wote wawili wanaweza kupita mita moja. Huyu wa pili anafika makumi ya kilo.

Wa tatu ndiye wa kuogopa: samaki wa umeme. Ana ndevu sita, mwili laini kama soseji, na mgongo mtupu isipokuwa kipezi kidogo cha nyama karibu na mkia. Hata akiwa mdogo anapiga. Akiwa mkubwa anaweza kutoa volti zaidi ya 300. Mtoto asimguse, na asiingie nyumbani kabisa.

Mbenga naye, mwenye meno yanayoonekana hata mdomo ukifungwa, aachwe mtoni. Yeye ni wa maji yanayokimbia.

Kambale ndiye anayefaa, kwa sababu anavuta pia hewa ya juu: stima ikikatika, hafi upesi. Tufanye hivi:

- Maji ya robine yakae siku nzima ndani ya ndoo wazi, dawa yake itoke, kabla ya kumwekea.
- Tuache nafasi ya hewa juu ya maji, tufunike kwa wavu na kuweka jiwe. Kambale anaruka na kutambaa.
- Tuweke wa kimo kimoja. Mkubwa humeza mdogo.
- Tumpe minyoo au vipande vya dagaa, kidogo tu. Mabaki yanaoza na kumuua.
- Kila juma tubadilishe sehemu ya maji, si yote. Sabuni isiguse kioo.

Mtoto ampime kwa rula kila Jumapili na kuandika ndani ya daftari. Hapo anajifunza hesabu bila kulazimishwa.

Bwawani, akilishwa vizuri, kambale anaweza kufika kilo moja ndani ya mwaka. Akwariamu haitamtosha. Kwa hiyo tuamue mapema: atakwenda bwawani, atarudi mto uleule alikotoka, au ataingia sufuriani? Asimwagwe kwenye maji mengine. Na mtoto aambiwe ukweli huo tangu siku ya kwanza, kabla hajampa samaki jina. Akiujua mapema, hatalia kwamba mama amemdanganya.