Barua Mia Tatu kutoka Longonot

Ndugu zangu wa Longonot, wa Mai Mahiu, wa Maela na Naivasha nzima, pamoja nanyi wa Nakuru mnaotupita kwa matatu mkienda Nairobi,

Tangu mwaka 1970 madishi yamesimama hapa chini ya mlima yakipokea simu na picha kutoka ng'ambo. Mtu wa London alisikika Longonot kabla wengi wetu hatujawa na simu nyumbani. Lakini jambo lililotokea Morendat, mwendo wa nusu saa hivi kutoka hapa, mpaka leo hatujaelezwa.

Alfajiri ya tarehe 24 Agosti 2000, kando ya barabara kuu ya Nakuru, mwili wa Padre John Anthony Kaiser ulikutwa karibu na gari lake. Alikuwa amepigwa risasi kichwani. Mzee huyu Mmarekani alifika Kenya mwaka 1964. Watu wa Maela hawahitaji kuambiwa alikuwa nani. Waliofukuzwa Enoosupukia mwaka 1993 walipojazana kambini pale, alikaa nao, na serikali ilipoivunja kambi hiyo usiku, Desemba 1994, alikuwepo. Mwaka 1999 alisimama mbele ya Tume ya Akiwumi, iliyochunguza vita vya kikabila, akataja majina ya wakubwa serikalini. Mwaka uliofuata tukamzika.

Makachero wa FBI wakasema alijiua. Kanisa Katoliki likakataa, likasukuma uchunguzi wa mahakama, na tarehe 1 Agosti 2007 hakimu akaamua kwamba padre aliuawa. Tangu siku hiyo hakuna aliyehukumiwa kwa kifo hicho.

Padre Kaiser hakuwa mwanahabari, lakini kazi aliyoifanya ndiyo ya wanahabari wachunguzi: kwenda, kuona, kuandika, kutaja jina. Sijui nani alimuua. Ninachojua ni kwamba siku ile barabarani alikuwa peke yake, na hata kabla ya siku ile, katika kuuliza kwake, tulikuwa tumemwacha peke yake. Swali likiulizwa na mtu mmoja lina shingo moja, na shingo moja hukatika.

Sasa angalieni jinsi mambo yanavyobadilika watu wakiwa wengi. Shambulio la magaidi kwenye duka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, liliua watu 67. Wanahabari wa KTN, Mohammed Ali na John-Allan Namu, wakaonyesha picha za kamera za dukani: wanajeshi wakitoka na mifuko. Inspekta Jenerali wa Polisi wa wakati huo, David Kimaiyo, akatishia kuwakamata. Nchi ikapiga kelele, tishio likapoa, na kabla ya Oktoba kuisha mkuu wa majeshi, Jenerali Julius Karangi, akatangaza kwamba askari wawili wamefutwa na kufungwa. Picha ni zile zile, serikali ni ile ile. Kilichoongezeka ni kelele.

Wala kelele hizo si za Nairobi pekee. Mama Monica Wangu Wamwere alikuwa wa huku kwetu Nakuru. Februari 1992 alikwenda na akina mama wenzake kukaa Uhuru Park wakidai wana wao waliofungwa kwa siasa. Walipigwa na polisi, wakahamia Kanisa Kuu la All Saints, wakaendelea kukaa. Mwanawe Koigi aliachiliwa mwaka uliofuata. Hawakuwa na bunduki wala pesa, na wengine wao hawakujua kusoma. Walikuwa wengi, na hawakubanduka.

Mimi nawaombeni jambo dogo kuliko hilo. Lakini kwanza tuambiane ukweli kuhusu barabara yetu.

Usiku matatu inapunguza mwendo mbele ya kizuizi. Makanga anakunja noti ya mia mara nne mpaka inakuwa ndogo kama pipi. Anaibana kati ya vidole viwili, anatoa mkono dirishani kana kwamba anamwamkia mtu. Mkono unarudi mtupu. Abiria wote tumeinamia simu, na hata mtoto aliyepakatwa ameshajua kwamba hapa hapaulizwi kitu. Trela lililo nyuma yetu nalo lina mkono wake, na noti yake huenda si ya mia. Limebeba nini? Labda mbolea tu. Sisemi kila askari anakula. Wapo wanaokesha kwenye baridi hii ya Bonde la Ufa na kufanya kazi yao. Nasema tumezoea kutojua, na mfanyabiashara wa mihadarati hahitaji zawadi kubwa kuliko hiyo.

Ile kokeni ya zaidi ya tani moja iliyonaswa Desemba 2004, Malindi na kwenye bohari ya makontena Nairobi, haikujificha kwa uchawi. Ilipita mbele ya macho ya watu. Na akina Akasha wa Mombasa, ndugu wa biashara ya mihadarati waliokamatwa mwaka 2014, walikaa zaidi ya miaka miwili kabla ya kupelekwa Marekani. Waendesha mashtaka wa New York walieleza sababu: hongo kwa majaji, waendesha mashtaka na polisi wa Kenya. Baktash Akasha alipewa miaka 25 mwaka 2019. Ilibidi tusikie habari za mahakama zetu kutoka mahakama ya watu.

Kila tukiuliza, tunajibiwa maneno matatu: usalama wa taifa. Maneno hayo ndiyo yaliyofunika Anglo Leasing, mikataba 18 ya pasipoti, maabara za polisi, meli na mitambo, yenye thamani ya zaidi ya Sh50 bilioni, iliyotiwa saini bila zabuni ya wazi kwa kuwa eti ni siri ya dola. John Githongo, katibu aliyepewa kazi ya kupambana na ufisadi, alipochimba sana ilibidi akimbilie Uingereza mwaka 2005. Na mwaka 2014, baada ya kushindwa kesi nje, serikali ikalipa Sh1.4 bilioni kwa kampuni mbili za sakata hilo. Moja iliitwa Universal Satspace, na mkataba wake ulihusu huduma za setilaiti kwa Shirika la Posta. Setilaiti! Sisi tuliokulia chini ya madishi tulipaswa kuwa wa kwanza kuuliza setilaiti ipi. Hatukuuliza. Tulikuwa tumeinamia simu.

Basi someni Katiba, kifungu cha 238. Kinasema usalama wa taifa ni pamoja na kulinda watu, haki zao, uhuru wao na mali yao. Kwa hiyo anayeficha wizi kwa jina la usalama ndiye anayeuhatarisha.

Tena kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Inasema mwananchi anaweza kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, mama! Asiyejua kuandika, afisa anatakiwa kumwandikia. Huulizwi unaitaka ya nini. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Utalipa gharama ya nakala tu. Jibu litoke ndani ya siku 21, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Wakinyamaza, sheria inahesabu kuwa wamekataa, nawe unakwenda kwa Ombudsman, ile ofisi yenye kaulimbiu ya Hata Mnyonge Ana Haki. Ni kweli wanaweza kukataa kwa sababu ya usalama, lakini watakataa kwa maandishi na kwa jina la ofisi, na karatasi hiyo itakuwa mikononi mwetu.

Ninachoomba ni barua mia tatu. Chama cha akina mama kiandike, wa bodaboda waandike kwenye steji, wazee waandike baada ya baraza, kanisani na msikitini vivyo hivyo. Maswali yawe yale yale, ili asipatikane wa kunyooshewa kidole kwamba ndiye aliyeyaanza. Tuwaulize polisi ni mihadarati kiasi gani imekamatwa kati ya Mai Mahiu na Nakuru miaka mitano iliyopita, kila kesi iliishaje, na vielelezo viko wapi leo. Tuulize Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ni hatua gani imechukuliwa tangu uamuzi wa Agosti 2007 kuhusu Padre Kaiser. Na tuulize Hazina ya Taifa ni kiasi gani cha fedha za Anglo Leasing kimerudi.

Mwanahabari akija huku na daftari lake, msimwambie hamjui kitu. Mketisheni, mpeni chai, na mkae naye wengi.

Yangu nimeshaiandika. Ina ukurasa mmoja na nusu, kwa Kiswahili, kwa mkono. Wiki hii andika yako, na ukiipeleka usitoke ofisini bila nakala iliyogongwa muhuri na tarehe.