Nguva si ushamba, jamani!

Haya wadau, nimepotea wiki mbili, majaribio yalinibana. Leo nimerudi na hasira, mnivumilie.

Juzi tuko kimbwetani nikawaonyesha washkaji kipande cha "Nguva", kazi ya video ya mwaka 2013 ya Wangechi Mutu, msanii aliyezaliwa Nairobi. Kiumbe wa kike anatoka baharini, anatangatanga nchi kavu kama mtu aliye ndotoni. Mmoja akacheka: "Hayo majini yenu ya Tanga, rudisheni huko huko." Mwingine akasema ni ushetani mtupu. Na hao ni walimu watarajiwa kama mimi!

Mimi nimekulia Nguvumali. Bibi alinihadithia habari za nguva kabla sijajua kusoma. Na kwenye ngoma za pepo, yule anayepandwa tunamwita "kiti". Hebu litafakarini neno hilo. Mwili wako ni kiti, mwingine anakikalia, anasema kwa mdomo wako yale ambayo wewe usingethubutu kuyasema mbele ya mumeo. Hapa chuo tunafundishwa Freud na mambo yaliyojificha ndani ya akili, tunaandika noti kimya, hakuna anayecheka. Kwa nini ya Freud yawe elimu, ya bibi yangu yawe ushamba?

Mwaka 2014 Mutu alifanya maonyesho London, kwenye ukumbi wa Victoria Miro, akayaita "Nguva na Nyoka". Kwa Kiswahili! Sisi wenye lugha ndio tunaona haya.

Msinielewe vibaya. Sisemi tuamini majini. Nguva wa baharini ni mnyama anayenyonyesha na kula majani ya bahari, na siku hizi ni adimu sana pwani yetu. Tena imani za kichawi zimeua watu nchi hii, ndugu zetu wenye ualbino wanalijua hilo kuliko mimi. Lakini ndiyo sababu nataka mambo haya yaongelewe darasani, waziwazi. Mtoto ukimnyamazisha kwako, atakwenda kuongea kwa tapeli.

Niwaambie kilichonikaa rohoni. Kwenye mazoezi ya kufundisha niliwapa Kidato cha Pili waandike ndoto zao. Binti mmoja akaandika kuhusu kitu kinachomkalia kifuani kila usiku, anataka kupiga kelele sauti haitoki. Mwalimu mmoja mzoefu akaziona zile karatasi, akaniambia nizichane, naleta ushirikina shuleni. Nikazichana. Yule binti sikumuuliza chochote, na mazoezi yakaisha nikaondoka.

Angekuwa ameona video kama ile, pengine angejua kwamba kuna watu wazima wanaoyachukulia mambo hayo kwa uzito. Mimi nilikuwa mtu mzima pale, nikakaa kimya.

Mwakani nikipangiwa shule, sichani karatasi ya mtu. Anayenipinga aje, kimbweta ni kile kile.