BENDERA YA KALENGA NA UPEPO WA IRINGA

Huenda msomaji wa Visiwani akauliza: mlingoti wa bendera ulioko Kalenga, huko Iringa, watuhusu nini sisi? Watuhusu, tena sana. Bendera ya Muungano ilipoundwa mwaka 1964, rangi ya buluu ilitoka kwetu, nayo ikawekwa upande wa nje, mbali na mlingoti. Na upande huo ndio upigwao na upepo na kuchanika kwanza. Basi bendera ikiraruka, kwanza huliwa buluu.

Nyanda za Iringa zina upepo mkali, khasa miezi ya kiangazi, Juni hata Oktoba. Kasi ya upepo ikizidi maradufu, nguvu yake huwa mara nne. Kitambaa hakina hila mbele ya hesabu hiyo. Lakini yasikitisha kwamba mara nyingi hununuliwa bendera mpya, ikatundikwa, ikaachwa ichakae, wala hapana aulizaye hali ya kapi, au ya kamba, au ya kitako cha mlingoti kinacholiwa na kutu ama mchwa.

Baharia hafanyi hivyo. Henza ikianza kuchakaa huibadili kabla haijakatika, na tanga likichanika kidogo hulishona siku ile ile. Bendera nayo ni hivyo: ncha iliyoanza kufumuka ikatwe, ikunjwe upindo, ishonwe mara mbili. Itapungua vidole viwili, lakini itaishi.

Wako watakaosema kwamba kuishusha bendera kabla ya saa kumi na mbili jioni ni kuivunjia heshima. Hatukubali. Nahodha ashushaye tanga katika tufani hakuikosea heshima jahazi yake. Kalenga ni pahali ambapo Wajerumani waliiteka ngome ya Mtwa Mkwawa mwezi wa Oktoba 1894, na fuvu lililorudishwa kuwa ndilo lake halikufika nyumbani hata mwaka 1954. Watu waliolipa thamani hiyo kwa kukataa kutawaliwa hawastahili kutundikiwa matambara, eti kwa kuwa saa haijafika!

Mlinzi aogopaye kulaumiwa ataiacha bendera ipasuke huku anaitazama. Twataka apewe idhini ya kuishusha kwa hiari yake upepo unapochafuka, na fungu la kamba na uzi litiwe katika makadirio ya kila ofisi na kila skuli yenye mlingoti. Na kapi zitazamwe kabla ya Juni.