INJINI KWANZA, RANGI BAADAYE

Wenzangu wengi, na hata kaka zetu waliokwisha kuondoka shuleni na kupata kazi, wana hamu ya kuwa na motokaa ya zamani ya mwendo wa kasi. Hamu hiyo siilaumu. Ninayoilaumu ni desturi ya kununua kwa macho. Mtu huizunguka motokaa mara tatu, huipapasa rangi, huketi penye usukani, kisha hutoa fedha alizoweka kwa miaka mingi. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Natoa mfano wa Datsun 240Z, maana jina lake lajulikana sana katika nchi zetu. Edgar Herrmann alishinda nayo East African Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 akashinda nayo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Kwa sifa hiyo mwuzaji hukuambia, "Injini hii haifi." Ni kweli kwamba injini yake ya L24, yenye silinda sita na ukubwa wa sentimita za ujazo 2,393, ni ngumu. Lakini ile iliyoshinda ilikuwa na mafundi wake njiani. Hii unayouziwa imepita mikononi mwa watu kwa zaidi ya miaka 50, na hujui ni nani aliyeiendesha bila maji.

Basi, fika injini ikiwa baridi. Mwambie mwuzaji mapema asiiwashe, nawe ukifika iguse kwa mkono. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mambo.

Kabla ya kuwasha, tazama oili na maji. Bloku ya L24 ni ya chuma, lakini silinda hedi yake ni ya alumini, na alumini ikizidiwa na moto hupinda, hata gasketi ikaharibika. Ukiona utando kama maziwa chini ya kifuniko cha oili, au oili ikielea katika maji ya rejeta, jihadhari.

Kisha washa, utazame moshi. Moshi wa buluu unaotoka mara tu injini inapowaka, halafu ukakoma, huonyesha kwamba oili inapenya penye valvu. Ukitoka kila unapokanyaga mafuta, yamkini ringi za pistoni zimelika. Moshi mweupe usiokoma hata injini iliposhika moto ni dalili ya maji kuingia katika silinda. Moshi mweusi usikutishe sana. Ni petroli iliyozidi, na kabureta zaweza kurekebishwa.

Baada ya hayo fundi apime kompresheni, yaani jinsi kila silinda inavyobana hewa. Moto wa plagi hukatwa, plagi zote sita hufunguliwa, geji huwekwa katika tundu moja moja, na mtu hukanyaga mafuta mpaka mwisho huku stata ikizungusha injini. La maana ni hesabu zote sita zikaribiane. Moja ikiwa chini sana, fundi hutia oili kidogo katika silinda ile na kupima tena. Ikipanda, ringi zimekwisha. Isipopanda, kosa li katika valvu au gasketi. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, mara nyingi gasketi imekatika kati yao.

Mwisho, linganisha namba iliyopigwa katika bloku na ile ya kibati ndani ya boneti. Injini ya L28, iliyo kubwa zaidi, huingia mahali pale pale. Kwa mwendo si mbaya, lakini motokaa isiyo na injini yake ya asili haistahili bei ya ile iliyo nayo.

Wako watakaosema kwamba kuja na fundi na geji ni kumtukana mwuzaji. Sivyo. Mwuza ng'ombe hakasiriki mnunuzi akifungua kinywa cha mnyama kutazama meno. Mwuzaji mkweli hapati hasara kwa geji, bali humsaidia kupata bei yake. Akikataa, amekwisha kujibu.

Wengine husema injini ikiharibika itatengenezwa. Naam, lakini vipuri vyake haviuzwi kila duka, na ujira wa fundi wa siku moja ni mdogo kuliko gharama ya kuifungua injini nzima. Tena, wengi wetu tutakapopata mishahara tutakuwa na wadogo wa kulipiwa karo. Fedha inayozama katika injini mbovu haiwi ya mwenye motokaa peke yake.

Sisemi kwamba injini mbovu isinunuliwe kamwe. Nasema inunuliwe kwa bei ya injini mbovu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita