Lamu Si Mawe Peke Yake

Wananchi wengi wa bara huijua Lamu kwa picha za kalenda: milango ya nakshi, punda vichochoroni, tanga jeupe mbele ya gati. Majumba hayo yana heshima yake, na mwaka 2001 UNESCO iliutia mji huo wa kale katika orodha ya urathi wa dunia. Lakini sisi twaonelea kuwa mwenye kuyatazama majumba tu, kisha akarudi kwao, bado hajaiona Lamu.

Na afike Matondoni, upande wa pili wa kisiwa. Huko mafundi huunda vyombo pasipo mchoro wa karatasi. Vipimo vimo kichwani na machoni. Hulazwa mkuku, yakasimamishwa mataruma, zikapigiliwa mbao, na nyufa zikazibwa kwa kalafati ya pamba iliyotiwa mafuta. Sauti ya tezo husikika kabla hujamwona mwenye kuishika.

Hatusemi haya kwa kupenda ukale. Mtepe, chombo cha mwambao huu kilichoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari, kikatwekwa tanga la mkeka, ulitoweka baharini katika karne ya 20. Leo twaonyeshwa mfano wake tu katika jumba la makumbusho. Jahazi laweza kuufuata, kwani mashua za faiba ni rahisi kutunza na kijana hulipwa upesi zaidi akiziendesha.

Bahari yenyewe nayo ni urathi. Kaskazini, katika hifadhi ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979, kasa hupanda pwani usiku kutaga mayai. Nguva, mla majani ya baharini, amekuwa adimu hata mvuvi aweza kuzeeka asimwone. Jarife lililotegewa papa halimbagui. Na mikoko ya Lamu, ambayo ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, ndiyo malezi ya samaki.

Mwaka 2021 bandari mpya ilianza kupokea meli kubwa. Hatuipingi, maana watu wahitaji kazi. Twataka tu sehemu ya mapato yake, na ya ada za watalii, iwalipe posho vijana wanaojifunza uundaji. Nawe msomaji, ukifika Matondoni, wahesabu walioshika tezo ambao hawajaota mvi.